Mficha Maradhi na Wanaomfichisha



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeteremsha maradhi na akateremsha pamoja nayo dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya haya.

Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutajwa sana panapozungumzwa virusi vya ukimwi, na hutajwa kwa namna ya kumlaumu mgonjwa: kwa nini alinyamaza, kwa nini hakwenda kupimwa, kwa nini mkewe au mumewe hakuambiwa mapema. Methali ni ya kweli. Lakini imemtazama mfichaji peke yake, wala haikuuliza ni nani aliyemfanya afiche. Juma hili, ndugu msomaji, ningependa tuliulize swali hilo, na tulielekeze Garissa na kaunti zote za Kaskazini Mashariki, kwa ndugu zetu tunaoshirikiana nao dini, madhehebu, biashara na ndoa.

Uchache usituhadae

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wazima 7 hivi katika kila 100 nchini Kenya walikuwa na virusi vya ukimwi. Nyanza walikuwa takriban 15 katika kila 100. Kaskazini Mashariki alikuwa takriban 1 tu. Utafiti wa mwaka 2012 haukufika huko kwa sababu ya usalama. Ule wa mwaka 2018, uitwao KENPHIA, uliona kiwango cha taifa zima kimeshuka hadi asilimia 4.9, na kaunti za Kaskazini Mashariki zikabaki miongoni mwa zenye kiwango cha chini kabisa.

Twamshukuru Mola kwa hilo. Wazee wengi hulitaja kama dalili ya hifadhi ya dini, na bila shaka kujizuia na zinaa na kuacha pombe ni ngome kubwa. Hata hivyo uchache una upande wake wa pili. Mahali ambapo wagonjwa ni wengi, mtu anapopata habari ya ugonjwa wake humkuta jirani aliyepitia njia hiyo hiyo, humkuta shangazi anayezijua dawa, humkuta imamu aliyekwisha kuwasalia na kuwazuru wengi kama yeye. Mahali ambapo wagonjwa ni wachache, yeye huwa peke yake. Hana wa kumuuliza. Akionekana kwenye mlango wa kliniki fulani, jina lake hufika nyumbani kabla yake. Ndiyo maana wako wanaoiacha kliniki iliyo karibu nao na kufuata dawa katika mji wa mbali ambako hawajulikani, na nauli inapokosekana, dawa nazo hukosekana.

Utafiti ule wa mwaka 2007 ulibaini jambo jingine zito: katika kila watu watano waliokuwa na virusi nchini, wanne hawakujua. Hali imebadilika sana tangu hapo. Mwaka 2018 karibu wanane katika kila kumi walijua hali zao. Lakini mabadiliko hayo yalikwenda upesi mahali ambapo kupimwa kuliacha kuwa fedheha. Penye fedheha, kipimo hukimbiwa, na asiyejua kuwa anavyo hawezi kumkinga mwenzake.

Nasaha za kliniki

Kwa miaka mingi hutuba zetu na mabango ya serikali yalimwelekea mtu asiye na virusi. Yalimwambia: jihadhari, jizuie, jilinde. Aliyekwisha kuambukizwa hakuambiwa lolote isipokuwa kwamba atakufa. Dawa zilipoanza kupatikana bila malipo katika hospitali za umma, ikadhihirika kwamba mtu huyu ataishi, atafanya kazi, ataoa au ataolewa, atazaa na kulea. Basi wataalamu wakaona kwamba yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa wengine, na kwamba hawezi kulinda iwapo hajafunzwa wala hajaheshimiwa. Ndipo zikaanzishwa programu za nasaha na mwenendo kwa wanaoishi na virusi.

Mfano mmoja ni programu iliyojaribiwa katika kliniki 18 za Kenya, Tanzania na Namibia. Haikuwa na mambo ya ajabu. Kila mgonjwa alipokuja kuchukua dawa, daktari au muuguzi alizungumza naye kwa dakika chache juu ya mambo yale yale: Je, mwenzio wa ndoa anajua hali yako? Amepimwa? Je, dawa unazimeza kila siku? Je, unatumia pombe? Je, mnatumia kinga? Je, mnakusudia kupata mtoto, au mnataka kupanga uzazi kwanza? Je, una dalili za maradhi mengine ya zinaa? Kisha mgonjwa alikabidhiwa kwa mshauri nasaha, mara nyingi mtu ambaye naye anaishi na virusi, akae naye kwa muda mrefu zaidi. Lililo zito katika mpango huo ni kule kurudiwa. Mtu haambiwi mara moja akaachwa. Huulizwa mwezi huu, huulizwa tena mwezi ule, na siku akiwa tayari kulisema lililo moyoni, hukuta mlango uko wazi.

Sehemu ya pili ya programu hizo ni vikundi vya kusaidiana. Wagonjwa hukutana, hufundishana jinsi ya kumwambia mume au mke, hufanya hata mazoezi ya maneno watakayotumia, na huulizana habari za dawa. Katika huduma za kina mama, yuko mama mshauri: mwanamke mwenye virusi aliyekwisha kujifungua mtoto salama, ambaye humshika mkono mwenzake mjamzito na kumwonyesha njia. Nasaha ya namna hii haipatikani katika kitabu.

Programu hizi kwa sehemu kubwa zilitegemea fedha za wafadhili, hasa serikali ya Marekani. Mwezi wa Januari 2025 serikali hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje. Washauri wengi nchini Kenya waliachishwa kazi, na kliniki maalumu za wagonjwa hawa zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Dawa ni kitu cha kubebwa kwa gari; lakini yule mshauri aliyekuwa akikaa na mjane chini ya mti na kumsikiliza hawezi kubebwa kwa gari. Jambo hili ndilo linalonifanya niandike leo. Mlango mmoja wa nasaha unapofungwa, familia na misikiti ndiyo itakayoulizwa ilifungua upi.

Dawa na ndoa

Wengi wetu bado tunaamini kwamba mume na mke, mmoja akiwa na virusi, hawana budi ama kutengana ama kuambukizana. Elimu ya leo inasema vingine. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wenzi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Wale walioanza dawa mapema, hatari ya kuwaambukiza wenzi wao ilipungua kwa asilimia 96. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulithibitisha kwamba dawa zikimezwa sawasawa hadi virusi visionekane katika kipimo cha damu, na vikabaki hivyo, mtu haambukizi kwa tendo la ndoa.

Naomba sentensi hiyo isomwe kwa makini, kwa kuwa masharti yake ni matatu: dawa zimezwe kila siku, kipimo cha wingi wa virusi kifanywe na kithibitishe, na hali hiyo idumu. Anayemeza juma hili na kuacha juma lijalo hana kinga hiyo. Anayekadiria kwa afya ya mwili wake, akasema nimenenepa basi nimepona, hana kinga hiyo. Kwa muda ambao virusi bado havijashuka, wako wanaotumia mpira, na iko pia dawa ya kinga ambayo mwenzi asiye na virusi huimeza. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wenzi zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda, na serikali yetu iliianzisha rasmi mwaka 2017.

Juu ya mpira najua kuna mabishano, na masheikh wa Kaskazini Mashariki wamewahi kuupinga hadharani, wakihofia kwamba kuugawa barabarani ni kufungua mlango wa zinaa. Hofu yao ina msingi wake. Lakini mambo mawili yasichanganywe. Kumgawia kijana asiye na ndoa ni suala moja. Mume na mke wa halali wanaotaka kukingana na dhara ni suala jingine. Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na wanavyuoni wetu wakaijadili kwa adabu zake, ikiwemo ridhaa ya mke. Mpira baina ya wanandoa uko katika mlango huo, na juu yake kuna dharura ya kuhifadhi nafsi. Maimamu wa Uganda walitutangulia katika mjadala huu. Jumuiya ya madaktari Waislamu ya nchi hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1988, ilianza mwaka 1992 kuwafunza maimamu elimu ya ukimwi ili waipeleke nyumba kwa nyumba. Mwanzoni wengi wao walikataa kabisa kuutaja mpira. Baada ya mazungumzo marefu walikubali uelezwe kwa mipaka yake, na kazi yao ikasifiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1998 kuwa mfano wa kuigwa.

Sheria yamwambia nani?

Wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera wanawajua ngamia kuliko niwajuavyo mimi. Hao hawatapata taabu kuifahamu hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka penye ngamia wazima wa mtu mwingine. Sifananishi binadamu na mnyama. Nautazama msingi wa hukumu. Amri ile alipewa nani? Alipewa yule mwenye ugonjwa mkononi mwake. Yeye ndiye mlinzi. Wala hakuambiwa awachinje wale wagonjwa, au awanyime maji, au awatelekeze porini wafe. Aliambiwa tu achunge wasidhuru. Hii ndiyo roho ya programu nilizozieleza, na sisi tulikuwa nayo karne nyingi kabla ya kliniki.

Kwa hiyo aliye na virusi ana wajibu mzito. Kumdhuru mwenzio ni haramu, na kumwambukiza mtu kwa makusudi ni katika madhambi makubwa. Hivyo ndivyo walivyoamua wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa katika kikao chao cha Abu Dhabi mwaka 1995. Sheria ya Kenya ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006 nayo inalihesabu kuwa kosa la jinai.

Lakini kikao kile kile cha Abu Dhabi kiliamua pia kwamba si lazima kumtenga mgonjwa, kwa kuwa virusi haviambukizi kwa kukaa pamoja, kugusana, kula au kunywa pamoja. Hapo ndipo wajibu unapotugeukia sisi tulio wazima. Vitabu vya historia ya masahaba vinamtaja Muayqib, aliyepatwa na judhamu, maradhi yaliyoogopwa na watu wote wa zama zile. Alikuwa mtunza muhuri wa Mtume (S.A.W.), na Sayyidna Umar alipokuwa khalifa alimkabidhi hazina ya Waislamu na akala naye chakula. Leo katika nyumba zetu iko sahani inayotengwa, iko kanga isiyoguswa, uko mkeka unaokunjwa mgeni akiondoka ukachomwe moto. Tujiulize tumelitoa wapi, kwani kwa Umar halikutoka.

Posa, dumaal na ukweli

Sasa tuingie katika jambo gumu kuliko yote, ambalo kina mama huliuliza kwa sauti ya chini darsa inapokwisha. Miongoni mwa ndugu zetu Wasomali iko ada iitwayo dumaal: mume akifariki, ndugu yake humwoa mjane ili watoto wasitawanyike na mali isitoke nje. Ada hii ina wema wake. Lakini tuseme mume alifariki kwa maradhi yasiyotajwa, na mjane amekwenda kupimwa kwa siri akakutwa na virusi. Wazee wamekaa, wamekubaliana, na shemeji ameletwa. Mama huyu afanye nini? Akisema, ataitwa mchafu, na marehemu atafukuliwa kwa ndimi. Akinyamaza, ataingia katika ndoa akiwa amebeba dhara. Akikataa bila kutoa sababu, ataambiwa amevunja heshima ya ukoo.

Jibu la kwanza ni kwamba hakuna mwanamke anayerithiwa kwa nguvu. Qur'ani imelikataza hilo waziwazi katika Suratun Nisaa. Mjane ana haki ya kukataa, na haki hiyo haihitaji maelezo mbele ya baraza.

Jibu la pili ni kwamba akikubali, au mwanamume yeyote mwenye virusi akitaka kuposa, basi ukweli ni haki ya yule atakayeingia naye katika ndoa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maradhi kama judhamu na mbalanga yamehesabiwa tangu zamani kuwa aibu zinazompa mwenzi hiari ya kuivunja ndoa, na kuficha aibu ya namna hiyo ni udanganyifu. Fatima bint Qays alipokwenda kumshauri Mtume (S.A.W.) juu ya wanaume wawili waliomposa, alielezwa hali ya kila mmoja bila kuzungushwa. Wanavyuoni wakachukua humo kwamba nasaha ya ndoa haihesabiwi kuwa ghiba.

Jibu la tatu ndilo linalosahauliwa. Haki ya kujua ni ya yule anayehusika peke yake. Si haki ya mama mkwe, wala ya wifi, wala ya mwenye duka, wala ya imamu. Fatima aliambiwa yeye, halikutangazwa sokoni. Washauri nasaha hufundisha jambo hili kwa utaratibu: chagua wakati wa utulivu, chagua mahali pa faragha, mwombe mshauri awepo iwapo unaogopa, au mwende mkapimwe pamoja ili kila mmoja aambiwe mbele ya mwenzake. Na ikiwa mwanamke anahofia kupigwa au kufukuzwa, kwanza atafutiwe usalama na mtu wa kumsimamia, kisha ndipo jambo lisemwe. Kumsukuma aseme leo, naye kesho alale nje na watoto, si kumnasihi.

Mwenzi akishaambiwa, ana hiari yake. Akitaka kuachana kwa wema, mlango wa kadhi uko wazi. Akitaka kuoa au kubaki kwa ujuzi na ridhaa, huku dawa zinamezwa na vipimo vinafuatwa, hakuna wa kumzuia, na huenda akapata thawabu kubwa kwa subira yake.

Na sisi tunaofungisha ndoa tuielewe sheria ya nchi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la ndoa, na inalinda siri ya majibu yake. Tunaweza kuwanasihi wachumba wote wawili, kila mara, bila kubagua, waende kupimwa kwa hiari. Tukiifanya nasaha hiyo kuwa desturi kwa kila mchumba, tajiri na maskini, bikira na mjane, hakuna atakayeona ametuhumiwa. Tukimwambia mmoja tu kwa sababu tumesikia uvumi, tumekwisha kumfedhehesha.

Mama na mtoto

Mama mwenye virusi asiyepata huduma yoyote anaweza kumwambukiza mtoto katika mimba, wakati wa kujifungua au kwa maziwa; hatari hiyo ni baina ya watoto 15 na 45 katika kila 100. Akimeza dawa sawasawa na mtoto akapewa dawa yake ya kinga, hatari inashuka chini ya 5 katika kila 100. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili mara nyingi ni mama kuhudhuria kliniki mapema, kupimwa, na kutoogopa kumeza dawa mbele ya mama mkwe. Wanawake wengi wa vijiji vya mbali huko hujifungulia nyumbani. Basi mkunga na mama mkwe ni sehemu ya kinga hii, wakitaka au wasitake.

Mama anayetumia dawa hunasihiwa anyonyeshe maziwa yake peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aongeze vyakula huku akiendelea kunyonyesha. Asiache dawa katika muda huo, kwani ile kinga kamili ya tendo la ndoa haikuthibitishwa kwa namna hiyo hiyo kwa maziwa. Na pale ambapo mtoto hunyonyeshwa na shangazi au jirani, jambo ambalo sheria yetu imelipa heshima hata likajenga undugu wa kunyonya, ni vyema mnyonyeshaji naye awe amepimwa.

Ramadhani, safari na tiba

Dawa za siku hizi kwa wagonjwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Anayeweza kufunga anaweza kukimeza baada ya futari au wakati wa daku, akichagua saa moja na kuishika, baada ya kuzungumza na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Aliye dhaifu ana ruhusa yake kwa Mola wake, wala asiulizwe na watu kwa nini anakula. Anayehama na mifugo amweleze muuguzi mapema, kwa kuwa mgonjwa aliyetulia huweza kupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa safari moja ya kliniki.

Nalisema na jambo hili kwa wenzangu wa mimbari. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, na habbasoda na asali zimetajwa kwa wema. Lakini anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali kwa sababu amemsomea, amemtia katika maangamizi. Virusi vilivyokuwa vimelala vitaamka, na mke au mume wake ataingia hatarini pamoja naye. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu. Dua na dawa hazijawahi kugombana. Anayezigombanisha ni mjinga wa zote mbili.

Jukumu letu

Dada zangu na mama zetu, nyinyi ndio mnaoijua nyumba. Mkisikia habari ya mtu, izikeni hapo hapo mliposikia. Mkimwona mtu ana kopo la dawa, msilisome jina lililo juu yake. Mume wenu akisema anataka mkapimwe pamoja, msimtuhumu. Na nyinyi mkisema, asiwatuhumu. Binti au kijana wenu akirudi na majibu mazito, la kwanza atakaloliona ni uso wenu. Huo uso unaweza kumpeleka kliniki kila mwezi kwa miaka thelathini, au kumpeleka gizani ambako atawadhuru wengine na kujidhuru nafsi yake. Na kila msikiti, Garissa, Lamu, Malindi au Mombasa, unaweza kupata mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wenye kuaminika, wakafunzwa nasaha, ili aliyeelemewa awe na mtu wa kumwendea bila kuogopa kusikia habari zake sokoni jioni yake.

Stara tunayompa mwenzetu hapa duniani ndiyo tunayoitarajia sisi wenyewe siku ambayo hakuna kitakachofichika. Mgonjwa anayestiriwa humeza dawa zake, humwambia mwenzi wake, huleta watoto wake kupimwa. Anayeaibishwa hujificha, na virusi hujificha pamoja naye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, azihifadhi nyumba zetu na dhuria zetu, na atujaalie tuwe stara ya wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.